Siku Kaka Alipotokea Kwenye Shuka

Kaka yangu alikuwa mpiga zeze ambaye ukimsikia unasahau ulikokuwa unakwenda. Na alikuwa mlevi. Nayasema yote mawili kwa mpigo, maana watu wa Ihumwa walipenda kusema la kwanza tu, hasa wale waliomlipa kwa kibuyu. Kwetu mpiga zeze akimaliza wimbo humiminiwa pombe ya mtama. Basi nyimbo za kaka zilikuwa haziishi!

Mwishowe wifi yangu alichoka, akabeba mtoto akarudi kwao Mlali. Hapo ndipo kaka akili ilipomrudi. Akaacha pombe kabisa, akawa mtu wa uji asubuhi na jioni, mpaka nikawa namtania kwamba ni mzazi aliyejifungua jana. Alikuwa anataka kitu kimoja tu, mke wake arudi.

Sasa, kabla ya hayo, Wazungu wa serikali walikuwa wamekuja na kamera wakampiga picha akipiga zeze kutwa nzima. Tukasikia gari la sinema linakuja kuonyesha picha ile. Kaka akaenda mwenyewe Mlali kumwalika baba mkwe. "Njoo unione, baba," akamwambia. "Ujue binti yako ameolewa na mtu." Mzee akaja kweli.

Shuka jeupe likatundikwa kwenye ukuta wa duka la Mhindi, na giza lilipoingia picha ikaanza. Mtu mmoja alionekana kwa mgongo, anapepesuka, anautafuta ukuta na kuukosa. Tulicheka mbavu zikauma. Kaka ndiye aliyecheka kutushinda sote. "Jamani, mtazameni mlevi yule!"

Yule mtu akageuka. Loo! Alikuwa yeye.

Udenda unamtoka, zeze limelala vumbini, na kipaza sauti kinasema kwa Kiswahili safi kwamba fundi huyu pombe imemmaliza. Zeze lenyewe tulilisikia kidogo tu, kufumba na kufumbua. Nilitaka nikamrarue yule mwenye gari.

Kaka akapiga magoti mbele ya mkwewe. "Baba, hiyo ni ya mwaka jana, wakati wa mavuno! Sasa sinywi, muulize dada yangu."

"Hanywi, baba," nikasema, na ilikuwa kweli tupu.

Mzee hakuondoa macho kwenye shuka.

"Najua ni ya mwaka jana, mtama nauona umevunwa. Wakati huohuo binti yangu alinijia analia kwamba unakunywa. Ukaja ukaniapia kwa kaburi la mama yako kwamba hujaonja hata tone. Nikamchapa binti yangu nikidhani yeye ndiye mwongo, nikamrudisha kwako."

Nikamgeukia kaka akanushe. Hakukanusha, na wifi yangu hakurudi.