Wagonjwa wa Mafua wa Kara-Bulung

Jypara alirudi kwao Naryn kutoka Ulaya na shahada ya uzamili, akaomba kazi mara thelathini na nane. Mama yake aliwaambia majirani kwamba binti yake anachagua. Ukweli ni kwamba waliokuwa wakichagua ni wengine, naye ndiye aliyekuwa akiachwa. Hatimaye shirika moja la kimataifa la elimu likamchukua kwa majaribio ya miezi mitatu, na kazi ya kwanza likamtuma kupima usomaji wa darasa la tatu katika shule ya Kara-Bulung, ile ile aliyosoma yeye. Mungu naye ana utani wake.

Kazi yenyewe haikuwa na mambo mengi. Kila mtoto aliyeandikwa kwenye daftari asome kwa dakika moja, maneno yahesabiwe, kisha fomu igongwe muhuri wa shule. Fomu isiyo na muhuri, kwetu sisi, ni karatasi ya kufungia mbegu za alizeti. Ila kulikuwa na jambo ambalo Jypara alikatazwa kulitamka: vitabu na mwalimu wa ziada vingepelekwa kule ambako watoto wengi wamekwama. Lingevuja hilo, watoto wa wilaya nzima wangesahau kusoma siku hiyo hiyo.

Mwalimu mkuu, Sabira, alimpokea kwenye ukumbi mdogo wa mlangoni. Ukutani ilitundikwa picha ya Jypara akiwa amevaa joho, na chini yake maandishi mekundu: FAHARI YA SHULE YETU.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Mbona umekonda hivyo? Huko Ulaya hawapiki?"

Watoto ishirini wakasoma, mmoja baada ya mwingine, bila kukwama hata kwenye nukta. Jypara alifurahi kwa watano wa kwanza. Kufikia wa kumi furaha ikaanza kumtoka. Akafungua daftari la mahudhurio, akakuta majina thelathini na moja.

"Mwalimu, na hawa kumi na mmoja wako wapi?"

"Mafua."

"Wote?"

"Mafua hayachagui, mwanangu."

Jypara akatazama dirishani. Juu ya mteremko palikuwa na moshi mwembamba, ule wa watoto wanaochoma mabua makavu ya viazi ili wafukie viazi viwili vitatu kwenye majivu. Ladha ya viazi vile aliijua. Alipokuwa na miaka tisa, siku wakaguzi walipokuja kutoka mji mkuu, Bishkek, Mwalimu Sabira alimgusa bega na kumwambia, wewe na wenzako hawa nendeni mkasaidie kuchimba. Alicheza na kufurahi mchana kutwa. Jioni ndipo alipoelewa kwa nini wamechaguliwa wao, akalia mpaka pua ikavimba. Hilo hakuliandika kwenye barua hata moja kati ya zile thelathini na nane.

"Viazi vya mwaka huu vikoje, Mwalimu?" akauliza.

Sabira akamvuta kando. Nyuma yao meza ilikuwa imeshatandikwa, wazazi walioalikwa wamekaa, harufu ya nyama imejaa shule nzima.

"Sikiliza we mtoto. Kondoo kachinjwa kwa ajili yako. Ule, nikugongee muhuri, uondoke na jina zuri. Ya nini kuchokonoa?"

"Jina zuri la nani, Mwalimu?"

"La shule! Shule iliyokulea!"

"Ndiyo maana nachokonoa."

Kwetu, anayeipa mgongo meza iliyotandikwa bila kuonja mkate ameitukana nyumba. Jypara akamega kipande, akakitafuna akiwa amesimama, akawaomba wazazi radhi, akapanda mlima na viatu vyake vya mjini.

Wagonjwa wa mafua aliwakuta wamekaa juu ya magunia, mikono myeusi, hakuna hata mmoja aliyepiga chafya. Akawapima usomaji pale pale. Asylkan, msichana mwenye kitambaa cha kijani, alisoma maneno saba.

"Ni machache, eh?"

"Ni saba. Mimi nilisoma matano, nikaletwa shamba hili hili."

"Muongo! Wewe si yule wa kwenye picha?"

"Ndiye mimi."

Asylkan akaviangalia vile viatu vilivyojaa tope, akawa kama anataka kuamini.

Jypara aliporudi, mafuta yalikuwa yameganda juu ya nyama, na watoto kumi na mmoja walikuwa nyuma yake. Akaiweka fomu mbele ya Sabira.

"Bila muhuri wako nitaikosa hii kazi, Mwalimu. Ila fomu ya watoto ishirini siipeleki."

Sabira akavaa miwani, akasoma majina yote thelathini na moja bila haraka. Msaada uliokuwa ukining'inia kwenye karatasi ile hakuujua. Alichokiona ni maneno saba, maneno tisa, maneno manne, na wazazi wa watoto hao wakiwa wamemkodolea macho.

"Wasogezeeni viti watoto," akasema. Kisha akanyoosha kidole ukumbini, kwenye picha. "Mnamwona huyu? Mimi mwenyewe nilimficha kwenye viazi. Wakaguzi wakauliza, nikasema ana mafua."

Jypara alihisi uso unamwaka, na kwa mara ya kwanza haikuwa aibu. Alijivunia shamba lile kama alivyojivunia joho.

"Siku ile ulijaza magunia mangapi?" Sabira akamuuliza.

"Manne, Mwalimu."

"Manne!" Sabira akawageukia wazazi, utadhani hayo nayo Jypara alipewa na chuo kikuu.

Akavua ufunguo shingoni, akafungua kabati la chuma, akautoa muhuri, akaupulizia pumzi mara mbili na kuugonga mpaka vikombe vya chai vikaruka.

"Haya, kaa sasa," akasema. "Fahari ya shule haiwezi kula imesimama."