Godoro la Bosi

Mimi panya siwapendi, na siku shemeji yangu alipomleta mmoja nyumbani kwa hiari yake nilidhani akili zimemruka. Nyumba yenyewe ni vyumba viwili. Cha mbele kina cherehani, meza ya kukatia na marundo ya nguo za watu. Cha nyuma kina kitanda cha dada yangu, mke wake. Dada alikuwa amepooza upande mmoja tangu mwaka uliotangulia, nami nilihamia pale kumhudumia, nikilala kwenye mkeka kati ya cherehani na mlango.

"Shemeji, hivi wenzako wanatega, wewe unafuga?" nilimuuliza.

"Huyu si wa jalalani, shemeji. Huyu msomi, ametoka shuleni."

Na kweli alitoka shuleni. Mwalimu mmoja wa sayansi aliyekuwa anahama alimwachia panya jike mweupe, macho mekundu, kwa kuwa hakuna mwingine aliyekubali kumchukua. Dada akamwita Bosi, maana kazi yake ilikuwa kumkalia kifuani na kungoja kuletewa.

Ila hapo ndipo mdomo wangu ulipofungwa. Dada alikuwa amegoma kula. Kumeza kulimchosha, chakula kilimtoka pembeni mwa mdomo, na kwa aibu akawa anaukaza mtu akisogea na kijiko. Nilibembeleza, nikafoka, nikalia. Bosi alipokuja, dada alimpa punje ya wali kwa ule mkono uliokuwa mzima, akamtazama anavyoishika kwa vidole na kuitafuna kwa adabu zake zote, akacheka, na humo humo kwenye kicheko nikampenyeza kijiko. Ikawa ndiyo desturi yetu: moja ya Bosi, moja ya dada. Daktari wa hospitali alishatuambia wazi kwamba asipokula hatufiki mbali. Kwa hiyo, nitake nisitake, uhai wa dada yangu ulikuwa unapitia kwenye meno ya panya.

Mchana mmoja upepo uliusukuma mlango wa kati, na Bosi alikuwa kizingitini. Mlango ukambana, ukamvunja mguu wa nyuma na kumchana ngozi.

Shemeji alimkimbiza kwa daktari wa mifugo akiwa amemlaza ndani ya kofia. Daktari alisema mguu wa panya haufungwi plasta, ataitafuna. Tiba yake ni kutulia. Akae mahali padogo, pasipo na pa kupanda wala kuruka, maji yawe kwenye kisahani ili asilazimike kuinuka. Maranda ya mbao aliyozoea kulalia yatolewe, yasije yakaingia kwenye kidonda. Atandikiwe kitambaa laini na kisafi. Matone ya dawa achanganyiwe kwenye kiini cha yai. Yaliyobaki tumwachie Mungu.

Shemeji akachukua beseni refu la plastiki, akalifunika kwa wavu wa dirisha na kuliweka kwenye kiti kando ya kitanda, ili dada amwone mtu wake.

Kuhusu kitambaa, daktari hakuongeza neno. Nani amfundishe fundi habari za kitambaa? Shemeji hakujua kufanya kitu nusunusu, basi akamshonea Bosi godoro. La flana, mshono mara mbili, pembe zimekunjwa kama za godoro la mtoto mchanga wa kwanza. Ndani akajaza kile alichokuwa nacho tele, vipande na nyuzi za chini ya cherehani. Mafundi ndivyo wanavyojaza mito ya nyumbani kwao. Hata huo mto niliolalia mimi ulikuwa nyuzi tupu.

"Mimi nalala kwenye mkeka, panya ana godoro!" nilimwambia.

"Vunjika mguu na wewe nikushonee."

Mwanzoni mambo yalikwenda vizuri. Bosi alilamba yai lake, akalala, akaanza kuukanyagia ule mguu taratibu. Dada alikula huku akimtazama kupitia kwenye wavu, hata mashavu yakaanza kurudi. Nilithubutu kufikiri kwamba haitachukua muda nitarudi kwangu.

Lakini panya ni panya. Alikuwa ametoboa pembe ya godoro kwa chini, tusikokuona, akavuta zile nyuzi na kujitengenezea kiota. Asubuhi nilipofunua wavu kubadilisha maji nilimkuta amejikunyata, yai halinusi. Mguu wa pili wa nyuma, ule mzima tuliokuwa tunautegemea, ulikuwa umezongwa na uzi wa nailoni, na kila alipogeuka ulikuwa umezidi kukaza. Unyayo ulikuwa mweusi.

Shemeji aliukata uzi kwa mkasi wake mdogo, akiukosa mara mbili, yeye anayetunga sindano bila miwani.

"Uzi huu huwa nauchagua kwa sababu haukatiki," alisema.

Daktari wa mifugo alitazama akatikisa kichwa. Mguu mmoja umevunjika, mwingine umekufa, atasimamia nini? Akampiga sindano ya kumpumzisha. Shemeji alirudi na beseni tupu. Nikamvuta pembeni nikamwambia tumdanganye dada, tuseme Bosi amelazwa. Alikataa. Aliingia chumba cha nyuma akamweleza yote, godoro na uzi, bila kujitetea hata kidogo. Nilimkasirikia sana kwa ukweli wake ule. Ulimfaa nani?

Dada hakulia. Wali wa mchana ulirudi jikoni kama ulivyokwenda. Jioni shemeji akapokea bakuli la uji mikononi mwangu, yeye ambaye kazi hiyo siku zote ilimshinda kwa machozi, akaketi ukingoni mwa kitanda.

"Kula kidogo, mama. Kijiko kimoja tu."

Dada akainua ule mkono mzima, na mimi pale mlangoni nikajua anapokea kijiko. Mkono ukakipita kijiko. Ukashika kipande cha uzi kilichonasa kwenye shati la mumewe, ukakichomoa taratibu, ukakiweka kwenye kiganja cha shemeji na kumfumba vidole. Halafu akageukia ukutani.

Uji niliumwaga mimi jioni ile, na wa kesho yake pia.