Mlima Usio na Mtandao

Hospitali ile ilikuwa na vibao vya kuelekeza watu kila kona: wodi ya wazazi kulia, maabara kushoto, dirisha la dawa mbele. Vilipakwa rangi upya mara kwa mara, na hakuna aliyevisoma. Watu waliingia mlangoni, wakapita chini ya kibao kilichoandikwa MAABARA kwa herufi kubwa kama kichwa cha mtoto, wakaenda moja kwa moja kwenye kioo chenye tundu, wakainama na kuuliza, "Samahani dada, maabara ni wapi?" Na Dada Mapokezi akawaelekeza. Hilo ndilo jina walilompa pale kazini, na nyuma ya tundu lile alikuwa amekaa tangu nywele zake zikiwa nyeusi zote.

Asidhani mtu kwamba akifika nyumbani dirisha lilifungwa. Nyumbani ndiko kulikokuwa na foleni hasa. Mumewe alikuwa dereva wa lori la saruji, mtu wa kurudisha nyuma gari lenye tela kwenye uchochoro bila kugusa ukuta, lakini soksi zake zikiwa mbele ya pua yake alikuwa haoni kitu. Kifungua mimba wao alikuwa chuoni akisomea upimaji wa ardhi. Huyo aliwahi kuuliza taulo liko wapi huku amelikalia. Kitinda mimba, binti wa sekondari, aliuliza kwa simu akiwa chumba cha pili, ili asijisumbue kupaza sauti. Na mama mkwe, aliyekuwa akiishi nao, hakuuliza kamwe. Yeye alisema tu, akiwaambia kuta, kwamba zamani sukari ilikuwa ikikaa mezani.

Sukari ndiyo ilikuwa kiboko yao. Ilikaa kwenye kopo la bluu, rafu ya juu ya kabati la jikoni, upande wa kushoto, na haikuwahi kuhama tangu kabati lilipoingia ndani ya nyumba ile. Wahenga walisema mtaka cha mvunguni sharti ainame. Katika nyumba ile mtaka cha mvunguni alikaa palepale kwenye kiti akaita, "Mama, sukari iko wapi?" Naye alijibu. Akiwa kazini alijibu kwa simu, akiwa njiani alijibu kwa simu, na siku moja alijibu akiwa kwenye kiti cha daktari wa meno, mdomo wazi, kwa ishara za vidole ambazo muuguzi alizitafsiri.

Basi mchana mmoja, kwenye chumba cha kulia cha wafanyakazi, mtu wa eksirei alikuwa akisimulia safari yake ya mlimani. Alikuwa jamaa mwembamba mwenye maneno mengi, na alikuwa amerudi na ngozi ya pua imebanduka.

"Baridi inaingia mpaka kwenye mifupa," alisema, "na mifupa mimi naijua. Kichwa kinataka kupasuka. Chakula hakipiti. Halafu simu ndiyo msahau kabisa. Ukishavuka lango la mlima, mtandao kwaheri mpaka urudi. Nilijiona kama nimeshazikwa."

Wote wakatikisa vichwa kwa huruma. Dada Mapokezi akaweka kikombe chini.

"Simu haishiki kabisa?"

"Hata ukisimama juu ya jiwe, dada yangu."

"Na safari nyingine mnakwenda lini?"

Aliyekuwa akitafuna akaacha kutafuna. Hakuna aliyewahi kumsikia akiuliza njia ya kwenda popote.

Watu walipotaka kujua sababu, alisema ni afya. Presha, alisema, na magoti. Wakamsifu. Daktari mmoja alimtolea mfano mbele ya wagonjwa wake wanene. Sababu yenyewe hakumwambia mtu, na si kwamba ilikuwa ya aibu. Alijua tu kwamba ingewaumiza watu wa nyumbani kwake, na watu hao aliwapenda. Aliwapenda na alikuwa amewachoka, mambo mawili ambayo hukaa nyumba moja kwa amani mpaka mtu ayataje.

Mazoezi aliyafanya kwenye ngazi za hospitali. Zamu ikiisha alivua viatu vya kazini, akavaa buti mpya zilizokuwa zinambana vidole, akabeba mgongoni begi lenye chupa za maji, akapanda kutoka chini mpaka ghorofa ya mwisho, akashuka, akapanda tena. Kiongozi wa msafara alikuwa ameagiza kwamba mtu apande huku akipumua kwa mpangilio, bila kuongea. Hilo la kutoongea lilimshinda. Kwenye kila ghorofa palikuwa na mtu aliyepotea, na mtu aliyepotea akimwona Dada Mapokezi huona mkombozi hata kama mkombozi ana begi mgongoni na jasho mpaka kwenye kope.

"Dada, wodi ya watoto ni hapa?"

"Juu... kushoto... baada ya mlango wa... kijani."

Jioni moja mama wa makamo, mgeni kabisa pale hospitalini, alimkuta ameegemea ukuta akihema. Akamshika bega kwa upole. "Mwenzangu, usipuuzie hali hiyo," alimwambia. "Shuka pale mapokezi, watakuelekeza kwa daktari."

Nyumbani nako walijiandaa kwa namna yao. Mumewe aliwatangazia madereva wenzake, kila mmoja akatoa ushauri ingawa mlima walikuwa wameuona kwenye kalenda tu. Mama mkwe alimpa sweta lake zito na kusema, "Chukua, mwanangu. Mimi siendi popote." Kifungua mimba alimchorea ramani ya njia nzima, na alipomaliza akauliza penseli alizotumia ni za nani na zirudishwe wapi. Dada Mapokezi alizipokea fadhila zote hizo kwa moyo mzito kidogo. Alikuwa kama mtu anayetoroka huku anaowatoroka wakimsaidia kubeba mizigo.

Kikao cha mwisho kilifanyika ofisini kwa kiongozi wa msafara, chumba kimoja nyuma ya karakana ya baiskeli. Katikati ya chumba walikuwa wamesimamisha hema, kwa hiyo wageni walikaa kwenye viti pembeni wakilizunguka. Kiongozi waliyemwita Taratibu alikuwa mtu wa kusema kila neno kama analijaribu kwanza kama litabeba uzito wake. Alikagua buti za kila mmoja, akawaonyesha namna ya kuingia kwenye begi la kulalia, na kifaa cha kubana kidole ambacho kingempa habari kama hewa inawatosha damuni. Kisha akawataka waseme wanapanda kwa nini. Mhasibu alisema anataka kumshukuru Muumba. Muuguzi mmoja alisema anataka kujijua yeye ni nani. Mtu wa eksirei alisema anarudia kwa sababu mara ya kwanza picha hazikutoka vizuri.

"Afya," alisema Dada Mapokezi.

"Maswali?"

Alisubiri wengine waulize ya choo na ya chakula. Mumewe alikuwa amekaa karibu naye, maana ndugu waliruhusiwa kuja. Kisha Dada Mapokezi akauliza kwa sauti ya mtu asiyejali sana jibu, "Na simu, kule juu?"

Taratibu akatabasamu. Ilionekana ndilo swali alilokuwa akilisubiri tangu asubuhi.

"Mama, ondoa hofu. Zamani ilikuwa shida, nakubali. Lakini tangu safari ya mwisho wamejenga mnara. Kambi ya kwanza simu inashika. Ya pili inashika. Karibu na kilele kabisa utaongea na watoto kama uko sebuleni."

Chumba kizima kikapiga makofi. Mumewe akamshika mkono akaubana. "Unaona?" alimnong'oneza. "Na mimi hilo ndilo lililokuwa linaninyima usingizi."

"Hata kambi ya pili?" aliuliza Dada Mapokezi.

"Hasa ya pili, mama."

Alitaka kulia pale pale mbele ya hema. Alifungua begi, akatafuta kitambaa, akasema vumbi limemwingia. Njiani kurudi mumewe alinunua pawabenki kubwa kama tofali na akaibeba yeye mwenyewe kwa fahari. Kabla hawajafika mlangoni kitinda mimba alikuwa ameshafungua kundi la simu aliloliita Mama Kileleni, akawaingiza shangazi, wajomba na jirani mwenye kuku. Swali la kwanza lilitumwa wakati Dada Mapokezi akivua viatu: "Mama, ukishakuwa huko, pasi huwa inawashwaje?"

Alifikiria kujitoa. Lakini buti zilikuwa zimeshaacha kumbana, daktari alikuwa ameshamtangaza, na maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Alifikiria pia kwenda na simu na kuizima, akaona haifai. Aliwajua watu wake. Simu inayoita bila kupokelewa ni mtu aliyechoka, anapanda mlima. Simu iliyozimwa ni msiba. Kabla ya jua kuzama mumewe angekuwa langoni na lori la saruji. Kwa hiyo simu ilipaswa kuita, na yeye asiwe nayo. Iachwe wapi? Ofisini ingeokotwa na wenzake. Chumbani mumewe angeweza kuikanyaga. Hapo ndipo akili ilipomjia, na alipoiwaza alicheka peke yake jikoni. Katika nyumba nzima palikuwa na mahali pamoja tu ambapo mkono wa binadamu haukuwahi kufika bila yeye kuuelekeza.

Asubuhi ya safari mumewe alikagua mizigo. Aliipiga simu ya mkewe kuhakikisha inaita, ikaita, akaitia mwenyewe kwenye mfuko wa pembeni wa begi na kuufunga zipu. Gari la msafara likapiga honi nje. Dada Mapokezi akasema amesahau chupa ya maji. Akaingia jikoni na begi lake, akatoa simu, akaivisha mfuko wa nailoni, akaizika kwenye kopo la bluu na kurudisha kifuniko. Chai alikuwa ameshawaandalia kwenye chupa, imetiwa sukari kabisa. Ikiisha, alijua, watapaza sauti, watapiga simu, na hatimaye watakunywa kavu. Chai kavu haijaua mtu. Hata hivyo alipomkumbatia mama mkwe alimkumbatia muda mrefu kuliko kawaida, mpaka bibi akauliza kama kuna jambo.

Walifika langoni mchana. Taratibu alikwenda dirishani kuwaandikisha, wapagazi wakapima mizigo, na wasafiri wakakaa kwenye benchi refu chini ya paa la mabati. Mbele ya dirisha palikuwa na foleni ya watu wakiuliza choo kiko wapi, na hakuna aliyemuuliza yeye. Dada Mapokezi akaegemea begi lake. Mfukoni mwake hamkuwa na kitu. Alisikia ndege, akasikia mtu akikohoa mbali, na akajisikia mwepesi namna ambayo hakuikumbuka tangu usichana wake. Alifurahi kwelikweli, na hakuona haya kufurahi.

Taratibu akarudi akitembea kama kawaida yake, simu yake mkononi.

"Mama, ni baba watoto. Namba yangu aliichukua siku ya kikao."

Alisimama akaipokea.

"Mama watoto," alisema mumewe.

"Ndiyo."

"Tulikupigia kujua kama mmefika. Kabati likaita."

Dada Mapokezi akasogea mbali na benchi.

"Mama ndiye aliyesikia. Alidhani ni masikio yake. Tukafungua, tukaona kopo linatetemeka."

Alisubiri hasira. Alikuwa na majibu tayari, ya miaka mingi, yamepangana kooni. Lakini sauti ya mumewe ilikuja polepole, kama ya mtu anayetazama vioo vyote viwili kabla ya kurudisha lori nyuma.

"Kumbe sukari inakaa pale siku zote," alisema.

"Siku zote."

"Tulikuwa hatuangalii tu." Nyuma yake mama mkwe alisikika akisema aambiwe kwamba chai ameshakunywa, na ni tamu. "Basi sikiliza. Simu tumeizima, tumeirudisha kwenye kopo lako. Kundi lile nimemwambia mtoto alifunge. Hatutakupigia tena mpaka urudi. Pumzika, mama watoto. Panda taratibu."

"Na chumvi?" alisema Dada Mapokezi. "Chumvi iko nyuma ya unga, kopo jekundu. Na pasi lazima kwanza ubonyeze..."

Simu ilikuwa imeshakatwa. Aliishikilia sikioni, akiitazama njia iliyoingia msituni, halafu akaitoa akaangalia kioo chake. Mtandao ulikuwa umejaa.

Taratibu akanyoosha mkono kuchukua simu yake. "Vipi, mama, kuna tatizo nyumbani?"

"Hakuna," alisema. "Hawajaniuliza kitu."

Macho yakamjaa machozi, akainama kufunga kamba za buti ambazo zilikuwa zimeshafungwa.