Makofi Matatu ya Mine

Waingereza wanalisema kwa pumzi moja: mine. Sisi wa Dilala, mtaa wa wachimba shaba, tulilipigia makofi matatu: ma-i-ni. Mwalimu wetu wa jioni, mfanyabiashara Mwislamu aliyeokota Kiingereza chake akipeleka malori Zambia, alitupigia makofi hadi mikono ikamwuma. Moja tu, alisema. Sisi tatu. Siku aliyotuambia maana yake ni "yangu", darasa zima likaangua kicheko, maana maini tunayoyajua sisi ni yale ya kukaanga na vitunguu. Nilimpelekea mama habari hiyo jikoni. Akaendelea kusonga bukari, ugali wetu, akasema basi Waingereza wana njaa sana, kila kilicho chao wanakiita maini.

Neno lenyewe halikuishia hapo. Mine ni mgodi pia, kwa Kiingereza na kwa Kifaransa. Kifaransa kinaongeza ile risasi nyeusi iliyo ndani ya penseli, tena na sura ya mtu: ukiamka mgonjwa wanakuambia huna mine nzuri. Mi nilizishika maana zote. Sijisifu. Au tuseme najisifu, kwani nilizihangaikia, na ndizo zilizonipa kazi ya ukalimani kwenye kampuni moja ya kupima ardhi.

Kanuni ya kwanza ya ukalimani ni kwamba husemi "anasema". Mtu akisema mimi, na wewe unasema mimi. Unakuwa mdomo wake. Niliipenda kanuni hiyo, maana kusema sijawahi kuogopa.

Wiki ya pili gari la kazi likatuchukua bila mtu kuniambia tunakwenda wapi, likasimama mbele ya nyumba yetu. Ni nyumba ya matofali, ya wafanyakazi wa mgodi wa zamani, baba aliinunua kabla hajafa. Bosi, mgeni asiyejua lugha yoyote ila Kiingereza, alitaka kutoboa uani aone kama kuna shaba chini. Ikiwepo, nyumba inabomolewa. Mama akatoka na unga mikononi, akaniona na kofia ya kampuni kichwani, akaelewa. Hakunisalimia. Nikatafsiri maneno ya bosi yote, mpaka lile la kubomoa, na sauti haikutetemeka.

Mama akajipangusa mikono. "Mi nilizala batoto bangu bote mu hii nyumba," akasema. "Ni yangu."

Kazi ni kazi. Nikasema kwa Kiingereza kwamba nilizaa watoto wangu wote humu, na kwamba nyumba hii ni mine.

Bosi akatabasamu. Alisikia mgodi! Akasema ndiyo, huenda ni mgodi, ndiyo maana tumekuja kutoboa. Hasira ikanipanda. Nikamwambia si mgodi, ni yangu, mali ya mtu. Hapo akanitazama mimi, akamtazama mama, nadhani akaona tunavyofanana.

"Yake ama yako?" akauliza.

Ningejibu "yake", kazi ingebaki. Jibu hilo lilikuwa ulimini kabisa. Nikasema mine, kwa kofi moja, safi kuliko nilivyowahi kulitamka darasani. Halafu nikamwambia kwamba huyu ni mama yangu, kwamba mimi nilizaliwa chumba kile cha pembeni, na kwamba hapa hatoboi mtu.

Hakukasirika, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi. Alisema kwa upole kwamba mkalimani hawezi kuwa na upande, nivue kofia, nirudi nyumbani, wao watakuja siku nyingine na mtu mwingine. Hawajaja. Wakija watanikuta.

Gari likaondoka, nikabaki nimesimama mlangoni bila kazi. Mama akauliza yule bosi alikuwa anasema nini.

"Amesema nirudi nyumbani."

Mama akanitazama kama mtu aliyechoka na ujinga wangu.

"Na hapa ni wapi?"