Ganzi ya Fundi Barafu

Pale gereji tuko mafundi wengi, lakini wa AC za magari ni mmoja, na jina lake la kuzaliwa tumeshalisahau. Tunamwita Barafu. Mimi nashona viti vya magari hatua chache kutoka kwake, kwa hiyo namjua kuliko anavyopenda.

Barafu hakuwa mtu wa kukimbilia vipimo. Gari likija linapuliza joto, anafungua boneti, anamwambia mwenyewe awashe, kisha anashika mabomba mawili ya AC, moja kila mkono, anafumba macho kama mtu anayesikiliza umbea wa jirani. Bomba moja linatakiwa liwe la moto, la pili la baridi. Kwa tofauti hiyo tu alikutajia ugonjwa wa gari lako, na kukosea kwake kulikuwa nadra. Binti yake alijifunzia kazi hapo hapo, akaongeza na ya darasani, sasa wanafanya pamoja. Binti ana mashine yake ya kupimia. Baba mtu anaiita miwani ya vipofu.

Shida ni kwamba Barafu ana sukari, na sukari ilikuwa imeanza kumtia ganzi vidoleni. Nilijua siku aliyoegemeza mkono kwenye bomba la rejeta linalochemka, akaendelea kunisimulia mambo ya mpira mpaka mimi ndiye niliyenusa ngozi inaungua. Nikamvuta. Akautazama mkono kama wa mtu mwingine.

"Usimwambie mtoto," akanisihi. "Akijua atanikalisha nyumbani. Mimi nyumbani nitafanya nini, dada? Nitazamane na ukuta?"

Mficha maradhi kifo humuumbua, nikamwambia hivyo hivyo usoni. Akanijibu kwamba kifo hakiwezi kufika gereji, kinaogopa matope. Ndivyo alivyo, ukimpa la kulia anakurudishia la kuchekea. Siri yake niliitunza, ila nilimkasirikia, na chini ya hasira kulikuwa na huruma tupu. Mkewe ameshatangulia mbele ya haki. Kazi ile ndiyo iliyobaki kumwamsha asubuhi.

Basi akaja dereva wa teksi. AC yake inapoza kidogo, halafu inakata, abiria wanamnunia. Binti alikuwa ametoka kutafuta vipuri. Barafu akashika mabomba yake, akafumba macho. Nikamwona anabana midomo. Akabadilisha mikono, akashika tena. Mwishowe akasema gesi imepungua, kwa sauti ya mtu anayebahatisha, akaijaza, teksi ikaondoka.

Kesho yake ikarudi, safari hii inapuliza joto moja kwa moja. Binti ndiye aliyeipokea. Akaunganisha mashine yake ya kupimia kwenye mabomba, akakunja uso.

"Nani kaongeza gesi humu?"

"Mzee," dereva akasema.

"Baba, gesi imezidi. Uliongeza ya nini?"

"Bomba halikuwa na baridi."

Binti akapunguza gesi mpaka kipimo kikakaa sawa, akawasha AC, na kabla haijakata akagusa bomba. "Mbona hili hapa baridi, baba? Linatoka jasho kabisa." Barafu akasema jana mikono yake ilikuwa na grisi. Mimi nikainamia cherehani yangu.

Punde kompresa, ile pampu inayosukuma gesi ya AC, ikakata tena. Binti akashuku sensa, kidude kidogo kinachokaa nyuma ya dashibodi kuiambia kompyuta ya gari baridi imefika wapi. Kikiharibika kinakuwa mwongo: kinasema ndani kumeshaganda wakati hakujapoa, na kompresa inazimwa bure. Akajipenyeza chini ya dashibodi, akakichomoa. Akaomba maji ya barafu; nikachukua bakuli kwa muuza soda wa getini, nikampa. Akaunganisha kidude na nyaya za mita ya kupimia.

"Kizamishe, baba, mimi nasoma namba. Kikiwa kizima lazima ibadilike."

Barafu akakizamisha, na vidole vyake vyote vikaingia kwenye barafu pamoja nacho. Namba haikutikisika.

"Hiki kimekufa," binti akasema, akaenda kwenye sanduku la vipuri kutafuta kingine. Akapekua weee. Barafu huku nyuma anamtania dereva, eti abiria wake wamechemka kama viazi, na mkono bado uko bakulini. Nikakohoa. Nikakohoa tena. Akaniambia ninywe maji.

Binti akarudi na sensa mpya, akasimama, akatazama bakuli.

"Baba. Toa mkono."

Akautoa taratibu. Vidole vilikuwa vimesinyaa na kupauka. Akaona anavyotazamwa, na kwa mara ya kwanza nikamwona hana utani wa kujibia.

"Tangu lini?"

"Tangu kabla ya mvua."

Binti akanigeukia. "Shangazi, ulijua?"

Nikamwambia nilijua. Binti akauchukua mkono wa baba yake, akaufuta kwa ovaroli lake, kidole kimoja kimoja, machozi yanamtoka.

"Unanifukuza?" Barafu akauliza. Alikuwa anauliza kweli.

Binti akarudi chini ya dashibodi, akapachika sensa mpya, akamwambia dereva awashe. Kompresa ikashika, na safari hii haikukata. Ndipo akamkalisha baba yake kiti cha mbele.

"Mikono weka mapajani. Pima kwa uso."

Barafu akasogeza shavu mpaka likakaribia tundu la hewa. Tukangoja wote, hata dereva akasahau haraka zake.

"Inapoza," akasema. "Ila upepo mdogo. Safisha chujio la hewa."

"Nimesikia, fundi," binti akasema. "Na kesho asubuhi hospitali. Mchana unarudi kazini."

Barafu akaitikia sawa, shavu bado liko pale pale kwenye baridi, na hakuna aliyemwambia ashuke.