Nusu ya Pili ya Tandiko la Maudie

Saa kumi na mbili asubuhi, ukungu bado umejaa bondeni, na Ardith Caudill anafumua kazi yake. Uzi wa sufu wa rangi ya nili unarudi dongeni taratibu, na mwenyewe anasonya, kisha ananigeukia mimi mgeni wake.

“Miaka hamsini na mbili nipo kwenye kitanda hiki cha mfumi, na bado nafanya ujinga wa mwanagenzi! Hebu nimiminie kahawa.”

Ana miaka sabini na moja. Huku milimani, mashariki mwa Kentucky, Marekani, kila mtu humwita Shangazi, hata wenye mvi. Hufuma matandiko kama ya mabibi wa zamani, mtande, yaani nyuzi za urefu, wa pamba nyeupe, mshindio unaokatiza wa sufu, mawaridi yamejipanga. Kitanda cha mfumi, yaani mtambo wake wa kufumia, ni chembamba, kwa hiyo tandiko hufumwa kwa nusu mbili, kisha hushonwa pamoja katikati. Nusu moja ni wiki tano. Kwa mwaka hauzi zaidi ya matatu, na asingekuwa na shamba la maharage angelala njaa.

Kazi hii ni ya Hobart Slone, dereva wa lori. Bibi yao alipofariki, yeye na dada yake Maudie waligombania tandiko lake hadi wakafumua mshono, kila mmoja akaondoka na nusu. Miaka kumi na mmoja hawasemezani. Mwaka jana mafuriko yalibeba nyumba ya Maudie, na nusu yake ikaenda na maji. Hobart anataka Ardith amfumie dada yake nyingine.

Ardith alifuata karatasi ya mchoro bila kukosea hata uzi mmoja. Alipoilaza nusu mpya kando ya nusu kuukuu ya Hobart, mawaridi yalikutana hadi katikati, kisha yakaachana kwa upana wa kidole. Bibi yao, aliyelifuma tandiko lile, aliruka kanyagio moja la mtambo.

“Nikajifanya fundi kumshinda marehemu!” anacheka. “Ukikosea nusu ya kwanza, ya pili unaikosea tena, makusudi. Vinginevyo hazikutani ng’o.”

Wiki tatu baadaye, nusu mbili zimelala mezani, kosa kando ya kosa. Hobart anafuta viganja kwenye suruali kabla ya kugusa. Machozi yanamlengalenga.

“Zishone, Shangazi. Nitamwachia barazani niondoke zangu.”

“Umwachie barazani? Dada yako paka? Mimi sishoni.”

“Nami hata kutunga sindano sijui!”

“Maudie anajua. Wewe utamshikia.” Anamtumbukizia sindano na uzi kwenye kofia yake.

Hobart anaitazama kofia. “Na akinifungia mlango?”

“Mimi nimefumua kazi ya wiki mbili na nusu, mwanangu. Wewe ukagonge tena.”

Lori linaondoka. Ardith anaosha vikombe, halafu anasema akijaliwa uzima atapita kwa Maudie majira ya kuchipua, siku za kuanika matandiko.

“Nataka kuuona mshono tu. Ukiwa umenyooka, nitasikitika. Ukiwa umepinda, nitajua Hobart aliingia ndani, akamshikia.”