Mtoto wa Kwenye Picha ya Wafaransa

Sikulazimishi uniamini. Ila usiniambie kwamba nilikuwa nimesinzia, maana ilikuwa alasiri, nilikuwa nimesimama wima, na mkononi nilishika kikombe cha chai kilichokuwa kikiniunguza vidole. Nani anaota ndoto huku anaungua? Haya niliyaona kwa macho yangu mawili, na yule aliyenisababishia niyaone bado yupo, ana watoto wake, na akipita hapa Gisenyi analala kwangu.

Miaka hiyo ya mwisho wa tisini nilifanya kazi kwenye nyumba ya wageni karibu na ziwa. Nilipokea wageni, nilitandika vitanda, nilipika chai. Mimi nilizaliwa Karagwe, Tanzania, kwa wazazi wa Kinyarwanda, nikaja huku Rwanda mtu mzima na mume wangu baada ya vita. Kinyarwanda changu kilikuwa cha kuchekwa na adabu zangu ndizo zilizochekwa zaidi. Kwa mfano, hapa ukimpa mgeni kinywaji, unaonja wewe kwanza mbele yake ndipo unampa, ajue hukumtilia kitu. Mimi nilikuwa nasahau kila siku. Watu walikuwa wakiangalia kikombe, wananiangalia mimi, na mimi nakasirika nikidhani wanadharau chai yangu.

Kwenye korido ya nyumba ile kulikuwa na picha za zamani za Ufaransa, zilizoachwa na mzungu aliyeijenga. Zilikuwa za wino mweusi, mistari myembamba kabisa, karatasi imegeuka njano nyuma ya kioo. Papa Deo, mpishi wetu, mtu wa Goma, ng'ambo ya mpaka huko Kongo, ndiye aliyejua Kifaransa, na ndiye aliyenisomea maandishi yaliyokuwa chini yake. Alinieleza kwamba fundi alichonga mistari hiyo kwenye bamba la shaba, akalipaka wino, akaligandamiza kwenye karatasi. Picha moja ilionyesha watu wakivamia gereza kubwa, moshi umejaa. Nyingine, watu wamebeba kichwa cha mtu juu ya mti, na hiyo niliifuta vumbi huku nimefumba macho. Tulikuwa tumetoka kwenye mambo yetu, sikuhitaji kuonyeshwa ya Wafaransa.

Lakini ya mwisho, karibu na mlango, niliipenda. Ilikuwa ya wanawake, wengi mno, wanatembea kwenye mvua na matope, wengine wanavuta mzinga.

"Aba bamama banaenda kwa mfalme kumuomba mukate," Papa Deo aliniambia. "Njaa ilibashika. Angalia, banakokota mpaka kanoni! Bon, we mutu wa njaa unamutisha na nini?"

Pembeni kabisa, nyuma ya wenzake, kulikuwa na mama mmoja aliyejifunika shuka kichwani. Mkono mmoja ameunyoosha nyuma, na ameshika kitoto kidogo cha kike. Fundi alikichonga kile kitoto kwa mistari michache tu, lakini miguu yake mifupi ilionekana inakimbia kumfuata mama. Nilikuwa nakisalimia asubuhi nikipita na ufagio. Ndiyo, cheka tu.

Sababu ya kukipenda ni kwamba na mimi nilikuwa na wangu. Mwaka wa tisini na sita, watu waliokimbilia Kongo waliporudi, walijaza barabara ya Gisenyi kuanzia mpakani, mchana kutwa, magodoro kichwani, kimya. Sikuwahi kuona watu wengi vile wakiwa kimya vile. Nilikuwa nimesimama kando na ndoo ya maji ya kuwapa, nikahisi kitu kimeshika sketi yangu. Nikaangalia chini. Mtoto wa kike, hajafikisha hata miaka miwili, amekamata nguo yangu na haachii. Niliuliza kila aliyepita. Hakuna aliyemjua. Nikampeleka kwa viongozi, wakaniandika, wakasema mama, kaa naye kwanza. Nikakaa naye.

Sasa sikiliza, hapa ndipo penye kiini. Mnyarwanda habebi jina la baba yake wala la ukoo. Kila mtoto anapewa lake peke yake. Watoto wa majirani wanaitwa, wanalishwa, kila mmoja anapendekeza jina kwa kuchekesha, halafu mzazi ndiye anatamka la kweli. Kwa hiyo mtoto aliyepotea kabla hajaweza kulisema jina lake amepotea kweli. Utamtafutia ndugu kwa kitu gani? Na huyu wangu nilijua lazima alikuwa nalo, kuna mtu alikaa akalifikiria. Ningewezaje kubandika langu juu yake? Nikawa namwita Mwana, basi. Nikiita "Mwana!" anaitika "Bee!" kama mtoto wa Karagwe.

Majirani walinisema mpaka wakachoka. Mtoto anakua bila jina, unamlea au unamfuga? Mwishowe mume wangu naye akasema basi, Jumapili tunampa. Tukanunua maharage na mchele wa kulisha watoto. Na mimi, nikwambie ukweli, nilikuwa na hofu mbili. Niliogopa kumzika yule mtoto wa mtu chini ya jina langu. Na niliogopa zaidi kwamba siku moja mama yake atatokea. Kila mwanamke aliyevuka kutoka Goma akiwa anaangaza macho, nilimficha Mwana nyuma yangu. Nilikuwa nampenda mtoto yule hadi nikawa mtu mwoga.

Ijumaa ya wiki hiyohiyo mvua ilishuka alasiri, mvua ya huku, ya kutoka mlimani, giza likaingia kabla ya wakati wake. Nyumba haikuwa na wageni. Nilifunga mlango wa mbele kwa komeo kwa sababu ya upepo, nikaenda jikoni, Papa Deo alikokuwa akimenya viazi, kuchemsha chai. Niliporudi na kikombe changu, mwanamke alikuwa amesimama kwenye korido, mbele ya picha ya wale akina mama.

Kitenge kichwani, miguu mitupu. Nilidhani ni mmoja wa wale wanaovuka mpaka na mizigo ya nyanya, amekimbia mvua, Papa Deo kampitisha mlango wa nyuma nikiwa nimeinamia jiko. Nikamkaribisha, nikampa kikombe changu. Alikitazama tu. Nikakumbuka, nikajilaumu kimoyomoyo, nikakichukua tena, nikaonja mbele yake, nikamnyooshea. Bado hakukipokea. Nikaona huyu amekasirika, na hapo ndipo kosa langu lilipo, kwa sababu badala ya kujiuliza huyu ni mtu wa namna gani, nilikuwa nawaza adabu zangu.

"Mama, aba batu banaenda wapi?" akauliza, kidole kikiwa karibu na kioo. Sauti ilikuwa ya chini, Kiswahili cha Goma.

Nikamwambia kama nilivyofundishwa. Wanakwenda kwa mfalme wao kudai mkate.

"Na balirudia kwabo?"

"Walirudi. Na mfalme mwenyewe wakamleta."

"Bote?"

Hilo hakuna aliyewahi kuniuliza. Nikasema sijui.

Akagusa pale pembeni, kwa yule mama wa nyuma. "Mutoto alikuwa ananishika hapa, ku nguo," akasema. "Tulikuwa bengi, mvua inanyesha. Kamutoto kadogo. Kaliunguaka goti ku mbabula ya makala, hili la kushoto, kakabakia na alama kama jani."

Ndugu yangu. Mimi ndiye niliyekuwa nikimwogesha Mwana kila jioni. Ile alama ya moto kwenye goti la kushoto niliijua kuliko viganja vyangu.

Ningeweza kunyamaza. Mvua ilikuwa inapiga bati, hakuna aliyekuwa anatusikia, angeondoka zake na mimi ningebaki na mtoto wangu. Niliwaza hivyo, simfichi mtu. Lakini alikuwa ameinama kwenye kile kioo akikitafuta kile kitoto kwa macho kana kwamba kitageuka kimwone, na mimi pia nilikuwa mama wakati huo. Nikaanza kulia kabla sijasema neno.

"Yuko kwangu," nikasema. "Mama, mtoto wako yuko kwangu."

Nilitegemea kelele. Nilitegemea anishike, anipige, aanguke. Akageuka tu, akanitazama vizuri usoni, akauliza:

"Anakula?"

"Anakula. Viazi vya Mudende, huko mlimani, ndivyo anavyopenda, ugali anatema."

"Usiku je? Analalaka?"

"Amelala mgongoni kwangu mpaka amekuwa mzito. Sasa analala kando yangu."

Akaitikia kwa kichwa polepole, kama mtu anayesikia hesabu ya shamba lake na kuridhika. "Munamuita nani?"

"Hatujamwita. Tulisema Jumapili tumpe jina."

"Iko na jina," akasema. "Baba yake alimuitaka Uwineza. Musimubadilishie."

Nikamwambia twende, ni hapa nyuma tu, ngoja nichukue mwavuli. Nilikimbia jikoni na kurudi. Hakuna mtu. Komeo la mbele liko palepale. Papa Deo alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni na kisu na kiazi mkononi, ananiangalia.

"We iko nasema na nani?" akauliza. "Tangu muda murefu uko nalia mbele ya picha. Na mulango wa nyuma njo huu hapa, minaukalia. Hakuna mutu alipita."

Tukaangalia sakafu. Nje mvua imeua barabara, lakini pale aliposimama palikuwa pakavu kabisa. Kilichokuwa na maji ni picha. Matone yalikuwa yanatelemka kwenye kioo, kwa ndani. Papa Deo aliifuta kwa aproni yake na aproni haikulowa. Halafu akarudi nyuma, akafanya ishara ya msalaba.

"Kale kamutoto," akasema. "Kalikuwa hapa. Miye nimeiona hii picha myaka yote."

Yule mama wa pembeni alikuwa bado yupo, na mkono bado ameunyoosha nyuma. Haukushika kitu.

Nilitoka mvuani bila mwavuli. Mwana alikuwa kwa jirani, amekaa chini anacheza na vifuniko vya chupa, amenipa mgongo. Nikasimama mlangoni, maji yananichuruzika, nikaita: "Uwineza!"

Unajua aliitikaje? Hakusema "Bee." Hakugeuka hata. Alisema "Karame!", vile watoto wa Kinyarwanda waliolelewa vizuri wanavyowaitikia wazazi wao, neno ambalo mimi wa Karagwe sikuwahi kumfundisha. Kisha akaendelea na vifuniko vyake.

Jumapili watoto walikula maharage na wali, wakapendekeza majina yao ya kuchekesha, na mimi nikasimama nikatamka la baba yake. Tukalipeleka jina hilo redioni, kwa wale waliokuwa wakitangaza watoto waliopotea, pamoja na habari ya lile goti. Haikuchukua muda mrefu akaja bibi mmoja kutoka upande wa Mudende, mama wa marehemu baba wa mtoto. Alipiga magoti akaliangalia goti, akalibusu. Hakuninyang'anya. Tulimlea wote wawili, likizo huko mlimani, masomo huku kwangu, na kila alipokuja bibi alikuja na gunia la viazi, akaniita mwanangu mpaka Mungu alipomchukua. Picha ile sikuifuta tena. Papa Deo alikuwa anaifuta yeye, na akimaliza anasema kitu kwa Kifaransa ambacho sikumuuliza maana yake.

Lakini kuna jambo bibi aliniambia siku ile ya kwanza, na hilo ndilo linaloniamsha hadi leo. Nilimuuliza ni lini mama wa mtoto alifia hapa Gisenyi. Akanishangaa. Hakufia Gisenyi, akasema. Alifia ndani kabisa ya Kongo, porini, mwendo wa siku nyingi kutoka hapa, kabla watu hawajaanza kurudi, na waliomzika walirudi wakaeleza. Walipogeuka kumchukua mtoto pale kaburini, hawakumwona.

Sasa niambie wewe unayesema nilisinzia. Mtoto ambaye hajafikisha miaka miwili alitembeaje njia yote ile, akafika barabarani kwetu na miguu isiyo hata na mchubuko? Ni nani aliyemshika mkono mpaka akanifikia mimi, akauachia mkono ule kwenye sketi yangu?

Kwa hiyo nakuonya. Siku ukiokota mtoto njiani, mfunike, mlishe, mpende utakavyo, lakini kabla hujamwita wako, simama palepale ulipo useme kwa sauti unampeleka wapi. Usifikiri umemkuta peke yake.